Mwavita na Mafiga ya Saluba

Kaeni chini kwanza, nyote, na wenye watoto wawapakate, kwa maana habari hii haisikilizwi na mtu aliyesimama, na sababu yake mtaijua kabla sijamaliza.

Zamani za babu wa babu zetu, kabla mto Luvuzi haujajua daraja na kabla kilima hiki hakijapewa jina, watu wetu hawakuwa hapa. Walikuwa Saluba, nchi ya milima ya mawe mekundu, na huko aliishi mhunzi Lusinge mwana wa Kabambi, mwana wa Ntole aliyefua jembe la kwanza, na Lusinge akamzaa Mwavita katika mwaka ambao vita vilianza kunguruma ng'ambo ya milima. Ndiye Mwavita Mbeba-Mafiga, Mgongo Usioinama, Binti wa Fuawe, ambaye tangu akiwa msichana aliinua fuawe la baba yake, lile chuma zito la kufulia, ili afagie chini yake, kama wengine wanavyoinua kigoda.

Vita viliposhuka Saluba, watu walikimbia na walichoweza. Huyu blanketi, huyu mbuzi, huyu mlango wa nyumba yake. Mwavita alifukua mafiga matatu ya marehemu mama yake, mawe yaliyoiva kwa moto wa vizazi, akayafunga mgongoni kwa mkanda wa ngozi, akamshika baba yake mkono, akatembea. Njiani watu walimcheka hata katika machozi. Mdogo wake wa kiume, Kalinde, alimuuliza kama huko waendako hakuna mawe.

"Yapo," alisema Mwavita. "Hayatujui."

Wakafika tambarare ile mnayoiona ng'ambo ya mto, nchi ya watu wengine, na wenyeji wakawaachia mahali pa kukaa. Hapo ndipo Kanisa la Ng'ambo lilipowakuta. Sitasema uongo mbele yenu: kanisa lile lilileta mahema, lilileta dawa, na watu ambao wangekufa hawakufa. Lakini kuna kumlisha mtu, na kuna kutupia kuku punje. Walizungusha uzio, wakajenga jiko moja karibu na lango, wakaweka juu yake sufuria moja ya shaba ambayo mtu mzima angeweza kujikunja ndani akalala. Kila jua lilipopanda, watu wa Saluba walipangwa foleni na sahani za bati, mkwe bega kwa bega na mama mkwe wake, mambo ambayo Saluba hayakuwahi kuonekana, na kabla upawa haujazama walitakiwa kuinua sahani juu ya vichwa na kuimba wimbo wa shukrani, huku mtu mmoja akiinama nyuma ya sanduku la picha lenye miguu mitatu. Picha zile zilivuka bahari. Huko zilikokwenda watu walizitazama wakalia, wakatuma unga zaidi, na unga ukalala matumboni mwa meli hadi ukashika ukungu. Uji wake ulikuwa mchungu. Aliyesema ni mchungu aliambiwa hana shukrani.

Na moto ulikatazwa. Kiangazi cha kwanza hema moja liliungua, na tangu siku hiyo Mchungaji Yoramu, mkuu wa kambi, mtu mrefu mwenye sauti laini, alitangaza kwamba hakuna nyumba itakayowasha moto wake. Hofu yake ilikuwa na sababu. Lakini niambieni, nyumba isiyo na moto ni nini? Mgeni akija humpikii. Binti akiolewa hana pa kupelekwa. Watu waliolima na kufua na kuamua mashauri yao wenyewe wakawa midomo tu, midomo inayoimba na kumeza, na mafiga ya Mwavita yakakaa mbele ya hema lake, baridi, watoto wakiyafanya viti.

Ndipo Lusinge akafa.

Mnajua desturi, lakini wapo wageni, nitaisema. Mtu wa Saluba akifa, mwanawe huwasha moto mlangoni pa marehemu na kupika kwa mkono wake, na waliochimba kaburi hukaa chini wakala. Wakishakula, ndipo husemwa kwamba fulani amekufa. Kabla ya hapo husemwa amepotea, kama mbuzi.

Mwavita alikwenda kwa Mchungaji Yoramu akapiga goti, ndiyo, Mgongo Usioinama alipiga goti, akaomba unga ambao haujapikwa na moto wa siku moja tu. Mchungaji alimpa pole, akamweleza kwamba akimpa mmoja itabidi awape wote, kwamba kanisa litamwombea marehemu, na kwamba wachimba kaburi wataongezewa upawa wa pili. Alisema yote hayo kwa upole, na upole ule ndio uliochoma.

Mwavita aliondoka. Alipofika kwenye uzio aling'oa nguzo kwa mikono miwili, akaivunja gotini, akaipanga katikati ya mafiga, akawasha. Moshi ukapanda juu ya kambi iliyokuwa imesahau harufu yake, na wazee wakatoka mahemani wakiufuata kwa pua. Walinzi wakaja na ndoo. Maji waliyomwaga yaliuzima moto, tena yakaruka yakalowesha miguu ya Lusinge aliyelala mkekani.

Mwavita akaipangusa miguu ya baba yake kwa khanga, kidole kwa kidole. Kisha akaenda akang'oa nguzo ya pili, akawasha tena.

Mchungaji Yoramu akatangaza kwamba moto ule usipozimwa na mkono uliouwasha, upawa hautagusa sufuria, wala leo wala kesho, kwa kambi nzima. Hapo ndipo watu wetu walipogeuka. Hawakumgeukia Mchungaji, walimgeukia Mwavita. Wakasema ana kiburi cha fuawe. Wakasema maiti hali, ila watoto wanakula. Kalinde akaja na mwanawe mdogo begani, mtoto aliyekuwa mwepesi kama kikapu.

"Dada, baba ameshakufa. Hawa wangu bado. Zima."

"Watakula, Kalinde. Ila hawatasimama."

Akakunja khanga ikawa kata, akaiweka kichwani, akaenda jikoni. Shemasi mwenye upawa alikuwa amekaa juu ya kuni mbele ya sufuria iliyojaa, uji unatokota, hakuna aliyepewa.

"Mama, umekuja kunisaidia kukoroga?"

"Nimekuja kuhama nayo."

Shemasi akacheka hadi akashika mbavu. "Hiyo hubebwa na wanaume wanne, tena walioshiba."

"Basi waite hao walioshiba," alisema Mwavita, akainama, akaweka mikono yake ya kihunzi chini ya shaba iliyokuwa ikiwaka, akainuka nayo.

Mhunzi haogopi chuma cha moto, lakini msidhani hakuungua. Makovu yale alikuwa nayo hadi uzee wake, na waliomwona walisema alipita kambini kama mtu aliyebeba mlima unaotoa moshi, uji ukichuruzika mabegani, uso wake haukunjiki. Walinzi wakainua marungu wakayashusha, maana ampigaye mwanamke aliyebeba uji unaotokota huoga uji ule yeye mwenyewe. Nyuma yake kambi nzima ikafuata. Akaitua sufuria juu ya mafiga ya mama yake, juu ya moto wake, mbele ya baba yake, akageuka.

"Hapa ni kwa Lusinge mhunzi. Anayetaka kula, akae chini."

Wakakaa. Waliomtukana wakakaa. Mama wakwe wakakaa upande wao na wakwe upande wao. Mchungaji Yoramu akaja mbio, kola imelegea, hasira imemshinda, akakuta watu wote wako chini na yeye peke yake amesimama. Mwavita akamsogezea kigoda cha pekee kilichokuwapo, akachota bakuli la kwanza, akampa kwa mikono miwili iliyobabuka.

"Wewe ni mgeni wetu, baba. Mgeni huanza."

Na tangu kambi ile ijengwe, mtu yule hakuwahi kuonja uji alioutoa. Watu wote walikuwa wakimtazama. Akakaa, kwa kuwa hakujua la kufanya, akanywa.

"Ni mchungu," alisema.

"Tunajua."

Alimaliza bakuli, na kwa hilo namheshimu. Wachimba kaburi wakala, na Lusinge mwana wa Kabambi, mhunzi wa Saluba, akafa kama mtu.

Kesho yake Mchungaji alifungua ghala akagawa unga ambao haujapikwa, na moto ukawaka kila mlango. Lakini wakubwa wake wa ng'ambo, ambao hawakuwahi kuonja kitu, walipata habari kwamba watu wa Saluba wameng'oa uzio na kupora jiko la kanisa. Wakasema hawa hawana shukrani. Ghala likafungwa, Yoramu akaitwa kwao, na njaa ikaja. Sitaificha njaa ile. Ilimchukua mtoto wa Kalinde, yule wa begani, na Kalinde hakuzungumza na dada yake hadi nywele zao zilipoota mvi. Mwavita aliyafunga mafiga mgongoni, akavuka Luvuzi, akapanda kilima hiki kilichokuwa miiba mitupu, akayachimbia mawe yake katikati, palepale pa soko letu, akashika jembe. Waliobaki na nguvu wakamfuata. Tulichokula mwaka uliofuata tulikilima, na hakuna aliyetuimbisha.

Hivyo ndivyo mji huu ulivyozaliwa. Mngependa niishie hapo, najua. Siishii hapo.

Mwavita alipokuwa bibi wa fimbo, vita vilihamia tambarare, na wenyeji wale wale waliotuachia mahali pa kukaa wakaja wakikimbia, wakavuka mto usiku na mchana, wakafika chini ya kilima hiki na vitoto vyao. Na watu wetu, wajukuu wa foleni, walifanya nini? Walizungusha uzio. Walipika uji wa pumba, wakawapanga wageni mstari mmoja, na kijana mmoja mwenye sauti nzuri akatafutwa awafundishe wimbo.

Mwavita aliteremka akasimama langoni. Mtawala wa mji alikuwa Mugeta, mwana mwingine wa Kalinde, akamwambia kwa adabu, "Shangazi, ni wengi mno. Lazima kuwe na utaratibu."

Alikuwa na sauti laini. Mwavita alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni wapi aliwahi kuisikia.

Akachukua upawa akaonja, akatema. Kisha akasema maneno ambayo kila mmoja wenu anayajua, na ambayo hakuna anayeyapenda: "Siku mnayomlisha mtu amesimama, chakula msichokionja, msiseme mimi ni mama yenu."

Akapanda hadi sokoni, mzee vile, akayafukua mafiga matatu kwa kucha zake, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia. Akayafunga mgongoni. Akapita katikati yetu, akapita uzio, akakaa na wageni. Kulipokucha wageni walikuwa wameondoka kuelekea machweo, naye pamoja nao, na hakuonekana tena, hai wala maiti, hivyo hatujawahi kumpikia, na kwa desturi yetu wenyewe hatuwezi kusema kwamba Mwavita amekufa.

Yale mashimo matatu pale sokoni, ambayo watoto wenu huyaruka wakicheza na hakuna anayeyafukia, ndipo mawe yake yalipokaa. Wauza nguo huyazunguka. Mvua huyajaza maji.

Nawasimulia leo kwa sababu tangu juzi kuna watu kule kivukoni, wamelowa, wamebeba magodoro, na nimeambiwa kwamba kamati ya mji imeshanunua waya wa uzio. Nimeambiwa pia unga watakaopewa ni ule wa ghala la nyuma, ulioshika ukungu. Basi nimeuleta. Uko katika chungu hiki, nimeupika mwenyewe kabla hamjafika, na mabakuli yapo hapo kando yenu.

Mmeshakaa. Anzeni nyinyi.