Utumbo wa Nakijwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa ghala.
Ghala la nani?
La mwenye njaa.

Huko milimani palikuwa na mtu akiitwa Sengondo, na mkewe Namkunda, na binti yao wa pekee, Nakijwa. Mwaka huo mvua iligoma, mahindi yakakaukia shambani, watu wakawa wanachemsha mizizi.

Siku moja Sengondo alikwenda msituni kuchimba mizizi, akakutana na zimwi. Zimwi lenyewe limekonda, mbavu nje. Likamweleza kwamba linakula ng'ombe mzima lisipate nguvu, maana utumbo wake mwembamba umekuwa mtelezo, kama ndani ya kibuyu.

"Utumbo wa binadamu una vinyweleo ndani," likasema. "Chakula kikishuka humo, nyongo na maji mengine ya mwili hukiyeyusha. Vile vinyweleo vikafyonza nguvu yake, vikaipa damu. Nipe vya binti yako, nikupe ghala lisilokwisha."

Sengondo akauliza kama mtoto ataumia. Zimwi likasema hataumia, wala hapana atakayeona. Basi akakubali. Alijiambia, chakula kikiwa kingi, mtoto atakosa nini?

Zimwi likamjia Nakijwa akiwa amelala mchana, likapitisha mkono juu ya tumbo lake, likaenda zake. Jioni ghala lilikuwa limefurika mahindi.

Mama akapika ugali. Nakijwa akala, akakonda.

Akapika maharage, akayaunga kwa samli. Nakijwa akala, akakonda.

Akachinja kuku. Nakijwa akala, akakonda.

Chakula kiliingia na kutoka, mwili haukuachiwa kitu. Nywele zikageuka rangi, miguu ikavimba. Majirani wakasema Namkunda anamnyima mtoto, anakula peke yake. Sengondo alisikia, akanyamaza.

Hata siku mtoto aliposhindwa kusimama, ndipo Sengondo akamwambia mkewe kweli. Namkunda alikwenda msituni, akalikuta zimwi limenenepa, linang'aa. Likamwambia vinyweleo vya mtoto vimeshaota mizizi kwake, havirudi. Lakini kuhamisha vya mtu mwingine linaweza.

"Basi hamisha vyangu," akasema Namkunda.

Nakijwa akala, akasimama. Akala, akacheka. Akala, akanawiri.

Na mama akala, akakonda. Sengondo alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, uji wa maziwa asubuhi, uji wa maziwa jioni, na ghala limejaa hadi paani. Namkunda akafa uji ungali mdomoni.

Matanga yalipoanuliwa, Sengondo akampakulia binti yake. Nakijwa hakunawa mikono.

"Kula, mwanangu. Chakula tunacho."

"Hata mama alikuwa nacho, baba."

Akafunga nguo zake, akaenda kwa mjomba wake, ambako walikula mara moja kwa siku. Sengondo alimfuata na gunia la mahindi. Mjomba akalipokea kwa adabu. Nakijwa hakutoka nje.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami sina cha kuitia utamu.

Wajukuu zangu, kinachomshibisha mtu si kilicho ghalani wala kilicho kinywani, ni kile mwili wake unachokipokea. Na cha mwenzako usikitoe ati kwa kuwa hakionekani.