Mama Aliyeonja Uji

Wapendwa, leo nawaletea jambo dogo la nyumbani. Msilidharau kwa udogo wake.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyepewa kazi ya kushona sare za kwaya kabla ya Pasaka. Binti yake wa miaka mitano hakumpa nafasi: mara avute uzi, mara akalie kitambaa. Siku moja mama akapeleka flashi kwa bwana anayeuza muvi sokoni. "Niwekee katuni," akasema, "yoyote, ilimradi iwe ndefu."

Yule bwana akatafuta, akapata moja ndefu, halafu akasita. "Hii ni ya wakubwa, mama. Inachezea akili. Itazame kwanza mwenyewe."

Mama akacheka. "Baba wee! Tangu lini vibonzo vikawa vya wakubwa? Weka."

Mchana ule nyumba ilitulia. Cherehani ilikwenda mbio, mtoto hakusikika hata kukohoa. Mama akamshukuru Mungu. Je, sisi hatujawahi kushukuru kwa ukimya wa namna hiyo?

Kesho yake mtoto hakuvuta uzi. Alisimama mlangoni akimtazama mama, hapepesi macho. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mama alipofungua mikono ili ambebe, mtoto akarudi nyuma hatua moja.

"Jina langu la utani nani?"

"Kishungi. Njoo hapa, mchokozi wee!"

"Kovu la goti nililipatia wapi?"

"Kwenye ngazi za kanisa, siku ya mavuno. Ulilia mpaka mzee wa kanisa akakatiza sala."

Mtoto akatikisa kichwa polepole. "Hata yule wa kwenye katuni alijua majibu yote."

"Yupi?"

"Aliyevaa sura ya mama."

Lilikuwa jua la saa nane, lakini mama alihisi ubaridi ukimpanda shingoni. Ndipo alipoyakumbuka maneno ya yule bwana wa sokoni. Mtoto wake mwenyewe alikuwa akimwogopa. Hakujua la kufanya, akaingia jikoni akapika uji. Ulipoiva akadondosha tone mgongoni mwa kiganja, akapuliza, akaonja, kama afanyavyo kila asubuhi. Alipoinua macho, mtoto alikuwa ubavuni pake.

"Ni wewe," akanong'ona, akamkumbatia mguu. "Mama yangu huonja kwanza. Yule haonji."

Mama akatokwa na machozi ya furaha. Lakini kabla uji haujaisha kikombeni, mtoto akauliza tena:

"Na ile katuni, uliionja?"

Mama akageukia sufuria, akakoroga uji uliobaki.

Mtoto akakiweka kikombe chini, taratibu. "Basi siku ile, aliyeniwekea alikuwa nani?"

Wapendwa, tungejibu nini sisi?

Mimi nimeishia darasa la saba, sijui mambo ya filamu. Sisemi ile ni ya shetani; huenda mtu mzima akatoka nayo na funzo. Hata pilipili ni chakula, ila nani huitia kwenye uji wa mtoto? Sisi tunachambua mchele punje kwa punje, tunanusa maziwa, lakini kinachoingia machoni mwa watoto tunakipitisha kwa sababu kina rangi nzuri na kinawanyamazisha.

Naungama mbele yenu. Juzi tu, nikiandaa mahubiri, niliwawashia wajukuu televisheni nikafunga mlango. Mpaka sasa sijui walitazama nini. Na mahubiri yenyewe yalikuwa ya mchungaji mwema!

Tuonje kwanza, ndugu zangu. Tuketi nao, tuulize, tuzime inapobidi. Maana siku watoto wetu watakapouliza ni nani alikuwa nyumbani mchana ule, ole wetu ikiwa jibu ni hili: alikuwapo mtu, naye alivaa sura zetu.