Kwa Nini Moshi Humwandama Asiye na Kazi Motoni

Nyinyi mnaohamahama kuuzunguka moto huku mkipangusa macho, tulieni kidogo mjue kosa hili ni la nani. Zamani hizo Moshi alikuwa na adabu zake. Alitoka motoni akapanda juu wima, hana habari na mtu, akaenda zake mawinguni.

Masika yakishaisha na vilima vikawa kijani kibichi, watu wa Mrughua walikuwa na siku yao ya kutoshika jembe. Waliteremka mtoni asubuhi na watoto, vibuyu na mbuzi mmoja, wakashinda huko mpaka jua lipungue. Nyama haikuchomwa kwa pupa. Ilibanikwa juu ya uchaga wa fito mbichi, moto mdogo, kutwa nzima. Mchomaji alikuwa mmoja tu. Wengine wote kazi yao ilikuwa kungoja, na hiyo ndiyo kazi iliyowashinda.

Mwakio alikuwa akimposa Wakesho, na wawili hao walipendana kweli. Kikwazo kilikuwa mama yake binti, Mghoi, ambaye alikwisha kukataa mara mbili. Safari hii alimwambia, "Siku ya mtoni mchomaji utakuwa wewe, nawe utanibanikia kidari. Kikinifikia kizima, mchukue mwanangu. Kikipungua hata kiasi cha ukucha, usikanyage tena kwangu. Asiyeweza kulinda kidari atalindaje mke?"

Mwakio aliona mtihani mwepesi. Masikini, hakuwa amewafikiria wakwe. Desturi ilimkataza mposaji kumnyima mkwe kitu au kumpandishia sauti, na umande haujakauka, mjomba wa Wakesho, Mzee Righa, alikwishafika uchagani.

"Baba, naonja chumvi tu," alisema mzee.

"Mjomba, nyama bado mbichi."

"Chumvi haingoji nyama iive."

Akaonja paja. Akaenda, akarudi na nduguye, wakaonja paja la pili ili walinganishe. Kufikia adhuhuri mbavu nazo zilikuwa zimeonjwa zikaisha, na uchagani kumebaki kidari peke yake. Wajomba walikuwa wanapanda tena kutoka mtoni, wakilamba vidole. Mwakio alitazama kidari, akamtazama Wakesho kule ng'ambo, machozi yakamlengalenga.

Akainama motoni akanong'ona, "Moshi, ndugu yangu, wewe huna wakwe. Yeyote atakayesogea hapa bila kazi, mwandame machoni."

"Nami nipate nini?" akauliza Moshi.

"Utailamba nyama kabla ya mtu yeyote."

Moshi, ambaye maisha yake yote alikuwa akiipita nyama bila kuigusa, alikubali papo hapo. Mzee Righa aliponyoosha mkono, Moshi akamvaa usoni. Akahamia kushoto, Moshi kushoto. Akazunguka nyuma, Moshi yuko naye. "Upepo huu!" alisema mzee, na wala hakuna jani lililotikisika. Wajomba wote walirudi mtoni wakikohoa, wakatia vichwa majini.

Mwakio hajamaliza kushukuru, akamwona Mghoi mwenyewe anakuja. Alijifanya anaokota kuni, mahali pasipo na kuni, na jicho lake liko kwenye kidari. Mwakio alitaka kumzuia Moshi, lakini angemzuiaje bila kusikika? Mghoi aliponyoosha vidole viwili, Moshi akamvamia bila kujali huyu ni mkwe wa nani. Mama akalia mpaka kanga ikalowa.

Sasa, kwa watu wa Mrughua, mama akilia siku mwanawe anapoposwa, amekubali, na machozi hayo hayarudishwi. Wanawake walipomwona walipiga vigelegele bonde zima likaitika.

"Silii mimi! Ni moshi!" alipiga kelele Mghoi.

"Lia tu, mwenzetu. Kulea si mchezo," walimjibu, kwa maana nani aliwahi kusikia moshi wa kuliza mtu? Ukimwacha Mwakio, waliojua ukweli walikuwa wajomba peke yao. Mghoi aliwageukia wamtetee. Macho yao mekundu yalikuwa yakitazama mto, kila mmoja akihesabu samaki. Mwakio akaondoa kidari uchagani, kizima, akakipokeza kwa mikono miwili.

Wakesho aliolewa, na kwa furaha ile Mwakio akasahau kumwambia Moshi kwamba kazi imekwisha. Na tangu siku hiyo, nyama ya kubanika hunukia moshi kwa sababu imelambwa kwanza, na anayekaa motoni bila kazi huandamwa popote ahamiapo. Kila mmoja husingizia upepo, na hakuna hata mmoja anayesema alifuata nini pale.