Bi Chura na Majani ya Pindo

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na mgongo.

Ukauma.

Palikuwa na jembe.

Likaegemezwa ukutani.

Na libaki huko huko. Sogeeni kivulini, wajukuu zangu. Najua wanasema hadithi za mchana huotesha mkia. Oteni. Jioni mtanikuta nimeshalala, maana tangu alfajiri napalilia, na mwili wenyewe ndio huu mnaouona.

Hapo kale alikuwepo Bi Chura, mjane, mwenye bustani chini ya mkuyu kando ya kijito. Alipanda majani ya pindo. Ni yale mapana, katikati ya kijani, pembeni meupe kama pindo la kanga. Hayana ua la maana, wala hayaliwi. Kazi yake ni kupendeza na kufunika ardhi.

Lakini kuyatunza, jamani! Jua likiyapata, yanaungua. Udongo ukikauka, yananyong'onyea. Konokono wakiyaona, wanayatoboa. Na baya kuliko yote, shina likiachwa hutoa chipukizi la kijani kitupu, lisilo na pindo. Hilo lina nguvu. Linakula chakula cha wenzake, na usipoling'oa, bustani nzima inageuka kijani. Basi kila siku Bi Chura anang'oa, ng'wa, ng'wa. Kila siku anamwagilia, chubwi, chubwi. Alichoka mpaka uchovu ukamzoea, ukawa kama mpangaji ndani ya nyumba.

Mtauliza kwa nini hakuacha. Chini ya majani yale palikuwa na kidimbwi, upana wa karai tu, na ndani yake watoto wake, viluwiluwi arobaini, bado wana mikia, bado hawana miguu. Mvua zilikuwa zimekatika. Majani yakiondoka, jua linashuka. Jua likishuka, kidimbwi kinakauka. Kidimbwi kikikauka, watoto wamekwisha.

Sasa, ng'ambo ya kijito, kilimani kweupe, alikaa Ngiri. Mnene, mwenye pembe mbili mdomoni, na tamaa isiyo na kizibo. Akiona kwa jirani, anataka kwake.

Na huko kwao palikuwa na mila. Anayeomba mche hanyimwi, tena huchagua mwenyewe. Ukimnyima, bustani yako inahesabiwa haina mwenyewe, na kila mtu anaweza kuingia kujichukulia.

Asubuhi moja Ngiri akaja, puku, puku, puku.

"Hodi, Bi Chura."

"Karibu, Bwana Ngiri."

"Nimekuja kuomba mche."

"Mche haunyimwi."

Ngiri akachagua shina zuri lililo karibu na kidimbwi, akalifukua kwa pembe, akaondoka nalo. Mchana ule jua likapata upenyo. Maji yakapungua kwa upana wa kidole, na watoto wakasogea upande mmoja, wakabanana.

Kesho yake, puku, puku, puku. Hodi. Karibu. Nimekuja kuomba mche. Mche haunyimwi. Likaondoka la pili, maji yakapungua tena.

Bi Chura akakaa akawaza. Akachoka kuwaza. Akageuza shingo kuipumzisha, ndipo akauona upande wa nyuma wa bustani, ambako hakufika siku nyingi kwa uchovu. Kumbe huko machipukizi ya kijani yalikuwa yamejaa tele, manene, yamemzidi yeye kimo.

Siku ya tatu, puku, puku, puku. Hodi. Karibu. Nimekuja kuomba mche. Mche haunyimwi, akasema Bi Chura, ila asihangaike na haya ya mbele, apite nyuma.

Ngiri akapita nyuma, akatumbua macho. "Haya mbona hayana pindo?"

"Hao wameshakua, Bwana Ngiri. Ule weupe ni maziwa mdomoni. Mtoto akiacha kunyonya, unafutika."

"Kwa hiyo hawa ndio wakubwa?"

"Ndio wakubwa."

Ngiri hakuuliza tena. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akaja akafukua makubwa, gru, gru, gru. Akang'oa machipukizi yote ambayo Bi Chura alishindwa kuyang'oa, mpaka la mwisho, na udongo akaulima ukawa laini kama unga. Bi Chura alikuwa anamwambia tu asante kwa kuja.

Basi ingekuwa imeisha. Lakini tamaa haiishi.

Ngiri akarudi, safari hii bila hodi. "Bi Chura, kwangu hakupendezi. Watu wanapita, hawageuki. Nataka watoto wenye maziwa mdomoni. Wote."

 Bi Chura akatazama kidimbwini. Watoto walikuwa wameota miguu ya nyuma, ya mbele bado. Zilitakiwa siku tatu tu.

"Haunyimwi," akasema. "Chukua wote. Lakini mtoto mchanga habebwi na asiyemjua, atalia njiani afe. Lazima wakuzoee kwanza. Siku tatu usimame hapa penye upenyo, jua lisiwaguse. Na uwanyweshe kwa mdomo wako mwenyewe."

Ngiri akasimama. Mwili ule wote ukawa kivuli. Akaenda kijitoni akarudi, chubwi. Akaenda akarudi, chubwi. Maji yakatiririka kwenye mashina, yakashuka kidimbwini, kidimbwi kikajaa. Na Bi Chura akalala. Siku tatu alilala, mchana kweupe, na sijui kama mnaelewa ninavyomwonea wivu.

Siku ya tatu akaamka. Watoto arobaini walikuwa na miguu minne kila mmoja. Wakapanda ukingoni, mmoja baada ya mwingine, tu, tu, tu, wakaelekea kijitoni. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Ilimuuma kidogo, kisha akasema basi, ndiyo kazi yenyewe.

Ngiri akafukua majani yote, akayapanda kilimani penye jua kali. Hadi alasiri yalikuwa yamekauka kama karatasi. Yakabaki yale ya kijani peke yake. Akaja mbio kuuliza weupe unarudije.

Bi Chura alikuwa amejilaza kwenye udongo uliolimwa, na pembeni yake vipande vya mizizi vilivyosahauliwa. Hata macho hakufumbua.

"Huanzia chini kabisa, Bwana Ngiri. Angalia vizuri."

Ndiyo maana mpaka leo mkimwona ngiri, amepiga magoti, pua ardhini. Anatafuta weupe.

Nimeufikisha mzigo wangu, nautua. Ukiwa mtamu gawaneni, ukiwa mchungu niachieni, nimezoea.

Na mafunzo yake, kwa sababu mama zenu watauliza mlijifunza nini: msiseme uongo, wajukuu zangu. Njia ya mwongo ni fupi. Bi Chura aliipita hiyo hiyo, akafika mapema, akapumzika.