Jinsi Fisi Alivyomfundisha Kibiriti Kuacha Kuuma

Mwaka ule jua lilikaa juu ya mbuga kama mgeni asiyejua kuaga. Mto ulikauka, madimbwi yakakauka, hata Kobe, ambaye hana haraka na lolote, alionekana akitembea upesi kuulizia maji. Wanyama wakachimba kisima kimoja kwa zamu, na Simba, mfalme wao, akaweka sheria moja tu: kisimani hakuna kuumana. Anayeuma anaondoka, yeye na jamaa zake. Na kuondoka mwaka ule maana yake ilikuwa kufa kwa kiu.

Sheria ilishikwa vizuri mpaka Kibiriti alipoota meno.

Kibiriti alikuwa mtoto wa Mbwa, mama mjane mwenye adabu zake. Alikuwa wa ile mbegu ya mbwa wafupi ambao hata wakizeeka hawavuki urefu wa kigoda. Meno yalimwasha, basi akawa anauma chochote kilichopita karibu: kwato, mikia, masikio ya waliolala. Na wanyama walifanya nini? Walicheka. "Kadogo haka, katamuuma nani?" alisema Nyani, akamnyooshea kidole aumwe tena. Twiga aliumwa kisigino akasema anatekenywa. Mtoto wa Nyati angefanya vile angechapwa siku hiyo hiyo, lakini kwa kuwa huyu alikuwa mdogo, kila alipouma alishangiliwa.

Halafu akauma mkia wa Simba.

Hapo hakuna aliyecheka. Simba, ambaye heshima yake ilikaa mkiani zaidi kuliko kichwani, alinguruma mpaka maji ya kisima yakatikisika. "Mama Kibiriti! Nakupa siku saba. Siku ya saba nitamweka mwanao mbele ya wote. Akiuma, mnaondoka."

Mbwa alishika njia ya nyumbani akilia, akakutana na Fisi. Fisi hakuwa na huruma, ila alikuwa na pua, na pua yake ilikwisha kumwambia kwamba nyuma ya pango la Mbwa kuna shimo la mifupa iliyofukiwa wakati wa neema.

"Usilie, dada," alisema Fisi. "Kufundisha watoto ndiyo kazi yangu. Niletee Kibiriti kila asubuhi, na mfupa mmoja wa mwalimu. Mwalimu hafundishi na njaa."

Mbwa akakubali. Angefanyaje?

Asubuhi ya kwanza Fisi alimpeleka Kibiriti nyuma ya kichuguu, akamnyooshea mkia. "Uma!" Kibiriti akauma. Fisi akaangua kicheko, "Hii-hii-hii! Hodari!" Akauvunja mfupa, akampa alambe uboho. Kisha akamrudisha kwa mama yake huku akitikisa kichwa kama mganga. "Ugonjwa huu mkubwa, dada. Kesho lete mfupa mnene zaidi."

Mtoto akipona, mifupa inakoma. Asipopona, mama na mtoto wanafukuzwa, na shimo zima linabaki bila mwenyewe. Fisi kila alipowaza hivyo alitokwa na mate.

Siku ya nne Sungura alipita karibu na kichuguu akitafuta mizizi, akayaona masomo yale. Alikwenda moja kwa moja kwa Mbwa.

"Mama Kibiriti, unampa Fisi mifupa ili amfundishe mwanao kuuma."

Manyoya yote yalimsimama Mbwa. "Nakwenda kumshtaki kwa Simba sasa hivi!"

"Utasema nini? Fisi atakataa, na mwanao bado anauma. Simba hataki maneno, anataka mkia wake usalimike. Mwambie Fisi mtoto ana homa, halafu hizi siku zilizobaki nipe mimi."

"Na wewe unajua nini habari za meno?"

"Nimelea watoto kumi na wanane, dada, kila mmoja na meno mawili kama mashoka. Ukitaka makovu nitakuonyesha. Sasa sikiliza. Akikuuma, lia 'Aii!' kisha mgeuzie mgongo. Usimpige, usimkaripie, usimtazame. Akitulia, geuka mcheze. Na meno yakimwasha, mpe kipande cha ngozi kavu atafune."

Haikupita muda Kibiriti akamuuma mama yake sikio. "Aii!" Mbwa akageuka. Kibiriti akadhani ni mchezo mpya, akamzunguka; mama akageuka tena. Akabweka. Kisha akaanza kulia kwa sauti nyembamba, na moyo wa Mbwa ukamuuma kuliko sikio. Alitamani kugeuka amlambe.

"Bado," Sungura alinong'ona.

Mwishowe Kibiriti akaketi, akanyamaza. Ndipo mama alipogeuka, wakacheza mpaka wakachoka.

Kazi ngumu ilikuwa Nyani. Sungura alizunguka kisimani akimwambia kila mmoja, "Anayecheka akiumwa, huyo ndiye anayemfundisha kuuma." Twiga akakubali, Nyati akakubali. Nyani aliapa, akacheka, akaapa tena, mwisho akaona bora ajizibe mdomo kwa mikono miwili. Basi kila Kibiriti alipouma alikutana na migongo, mbuga nzima imemnunia, na yeye hakupenda kitu duniani kuliko kuchezewa. Siku ya sita alilishika sikio la mama yake, akasita, akaliachia, akalilamba.

Siku ya saba wote walikusanyika. Sungura akapaza sauti, "Mpisheni Mwalimu Fisi akae mbele, tumwone!" Fisi, ambaye hajawahi kuwekwa mbele popote, akapita akijitanua.

Simba alitandaza mkia wake mchangani. "Haya, kijana."

Kibiriti akaunusa.  Akafungua kinywa, akatoa ulimi, akaulamba mkia wa mfalme, kisha akaketi.

Fisi aliona shimo la mifupa linamponyoka. Akanyoosha mkia wake pole pole, akaangua kile kicheko chake: "Hii-hii-hii!"

Kibiriti alichupa, akaudaka mkia ule, akaning'inia.

"Mmeona!" Fisi alipiga kelele. "Anauma! Afukuzwe, yeye na mama yake!"

Simba akainuka. Mbwa akaanguka chini kuomba radhi. Lakini Kibiriti aliuachia mkia, akaketi kwa adabu, akainua macho.

"Mwalimu, leo nimeuma vizuri? Uboho wangu uko wapi?"



"Uboho gani, mwanangu?" aliuliza Simba.

"Ule anaonipa nikimuuma. Ananyoosha mkia, ananiambia 'uma'. Akicheka najua nimefaulu. Mifupa analeta mama."

Fisi alitazama huku na huku akitafuta pa kupitia. Kila upande palikuwa na jamaa za Nyati.

"Sheria inasema anayeuma anaondoka," alisema Simba. "Lakini aliyeuma leo ni wewe, Fisi, kwa meno ya kuazima. Nikikufukuza nitakuwa nimekurahisishia. Ulimfundisha kuuma, sasa mfundishe kuacha. Kila asubuhi utakaa hapa mbele yetu, unyooshe mkia. Akikuuma, useme 'Aii' na kumgeuzia mgongo. Mpaka siku atakapoacha, utakuwa wa mwisho kunywa."

Sasa, nani anaweza kumkataza Fisi kucheka? Kila alipoumwa kicheko kilimtoka chenyewe, na kila alipocheka Kibiriti alijua amefaulu, akauma tena kwa bidii zaidi. Wanyama wengine wote aliwalamba. Aliyeumwa ni Fisi peke yake. Mvua zikarudi, mto ukajaa, kila mtu akaenda zake, na Fisi bado alikuwa pale na nusu ya mkia, anacheka huku machozi yanamtoka. Nyani hakukosa hata asubuhi moja kwenda kumtazama, na kila akienda alimwambia neno lile lile: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."