Mfugaji Aliyenguruma

Mfano huu aliutoa kwanza Mwinjilisti Yona Lechipya, katika kanisa dogo la Chilungulu, Jumapili ya mavuno ya mwaka 1979. Hakuwa na karatasi. Unasimuliwa hapa kwa mpangilio alioufuata yeye.

Ndugu zangu, palikuwa na mfugaji mmoja aliyejenga pembeni kabisa mwa kijiji, pale mashamba yanapokwisha na pori linapoanza. Ng'ombe wake walikuwa wamekufa wote kwa ukame. Walibaki mbuzi, na watoto wake waliishi kwa maziwa ya mbuzi hao. Mbuzi wakiisha, watoto hawali. Alilikumbuka hilo kila alipofunga mlango wa zizi.

Sasa chui akamzoea. Alikuja giza linapoanza kuingia, akaruka ua wa miiba, akachukua mmoja na kwenda zake. Asubuhi mfugaji alimkuta mbuzi wake juu ya mgunga, miguu inaning'inia. Kwa nini juu ya mti? Ninyi mnaochunga mnajua. Chui akila chini, fisi watakuja kundi zima wamnyang'anye. Fisi nao, simba akitokea, husogea kando wakabaki kulia kwa mbali. Duma ndiye hathubutu kabisa kuwinda saa hizo. Hungoja jua kali, wakubwa wamelala, akakamata chake na kukila upesi upesi huku anageuka kutazama nyuma. Pori ni moja, wote wanakula nyama, na kila mmoja anajua ni nani wa kumpisha.

Mfugaji aliyajua haya tangu utoto. Akawaza: mimi chui haniogopi, lakini yupo anayemwogopa.

Na mtu huyu alikuwa na kipaji. Vijana walipokuwa jandoni, wazee walitaka wasikie simba nje ya kambi, wapate adabu. Simba huyo alikuwa yeye. Aliingiza mdomo katika mtungi mkubwa mtupu, akatoa sauti ya tumboni, hata vijana wakawaita mama zao. Basi jioni moja aliuchukua mtungi ule, akapiga magoti nyuma ya zizi, akanguruma.

Chui hakuja. Kesho yake pia hakuja. Baada ya siku chache hata fisi wakabadili njia yao.

Mkewe akamtania. "Baba Nyemo, nyumbani kwetu hawakuniambia kwamba naolewa na simba."

"Simba huyu analisha watoto," mfugaji akajibu, akapangusa midomo.

Kama angeishia hapo, nani angemlaumu? Lakini palikuwa na lambo la maji karibu na kwake, ambalo alilichimba pamoja na jirani yake, jembe kwa jembe. Jirani alileta mbuzi wake pale kila jioni. Kiangazi kilikuwa kikali na maji yalikuwa yanashuka. Jioni moja mfugaji aliwahi kidogo kunguruma, jirani akiwa bado njiani. Alipoinua kichwa, aliona vumbi: jirani amegeuza kundi lake, anarudi mbio. Tangu siku hiyo jirani alikwenda kunywesha mtoni, mwendo wa nusu siku.

Mfugaji alitazama maji ya lambo, akaona yametulia, akanyamaza. Niambieni, alisema uongo? Hakusema neno hata moja.

Mkewe ndiye aliyeacha kucheka. Alimwambia kuwa mbuzi wa jirani wamekonda kwa safari, na kwamba majike wameanza kukosa maziwa.

"Mto ni wa wote," akasema mfugaji.

"Na lambo je?"

Mfugaji alichukua mtungi, akatoka nje, na jua lilikuwa bado halijazama.

Walipokutana mnadani, jirani alimshika mkono akamsihi ahamishie familia kwake, wachanganye mbuzi katika zizi moja mpaka simba wale waondoke. Mfugaji alimshukuru, akasema wao wamekwisha kuzoea.

Ndugu zangu, mtu huyu alijua vizuri nani anamkimbia nani. Alisahau kitu kimoja tu. Simba anaponguruma hasemi na chui, wala hasemi na fisi. Hao hawamkoseshi usingizi. Anasema na simba wenzake kwamba nchi hii ina mwenyewe. Na ng'ambo ya kilima walikuwapo madume wawili, ndio wenye pori lile. Jioni baada ya jioni walisikia dume mgeni akijitangaza katika nchi yao. Wakaja kumtafuta.

Mfugaji alikuwa amepiga magoti, kichwa mtungini, alipojibiwa kutoka kwenye vichaka vya karibu. Alikimbilia ndani akafunga mlango. Madume wale hawakumkuta simba. Walikuta zizi. Yeye alisimama nyuma ya mlango akiwasikia mbuzi wake, mmoja mmoja, na watoto wamemshika miguu.

Kisha akasikia mtu. Jirani yake alikuwa anakuja na mkuki na kijinga cha moto, anaita kwa sauti kubwa kwamba wasitoke, wawashike watoto, yeye amefika. Simba mmoja akamrukia akamkamata mkono. Mke wa mfugaji ndiye aliyefungua mlango, akatoka na majani yanayowaka akiyarusha mbele yake, mpaka wanyama wale wakaachia na kurudi porini.

Walimlaza jirani juu ya ngozi, wakamfunga mkono kwa khanga. Alipopata nguvu ya kusema, alimtazama mfugaji.

"Poleni sana, ndugu yangu. Miezi yote hii mmekaa na wanyama hawa peke yenu. Kila jioni nikiwasikia nilikuwa nawaombea."

Sasa ninawauliza, sisi tunanguruma kwa sauti ya nani? Mmoja wetu ana mjomba polisi, na analitaja jina lake mbele ya mjane mpaka mjane anasogeza mpaka wa shamba. Mwingine ana shemeji katika ofisi ya kata. Mwingine ana aya ya Biblia, naye huisoma kwa kumkazia macho mtu mmoja. Tukimwona mwenzetu amegeuza njia, tunasema hatukumfukuza, ameondoka mwenyewe. Chui na fisi na duma wanagombea nyama ileile, na bado pori linawatosha. Sisi tumepewa lambo moja na jirani mmoja, tukaona ni wengi.

Wale tunaoazima sauti yao watakuja siku moja kutazama ni nani anayejitangaza. Hawatakuta simba, watakuta mbuzi wetu na watoto wetu. Na atakayekuja mbio na moto mkononi ni nani, kama si yule tuliyemnyima maji? Mrudisheni lamboni leo, angali na mikono yote miwili.

Mwinjilisti hakutaja jina la mtu. Hata hivyo mfugaji, Ndahani Masima, alikuwa ameshakwenda kwa jirani yake wiki iliyotangulia na kumweleza yote, na Jumapili ile waliketi benchi moja. Mwinjilisti Lechipya alifariki mwaka 1996. Ndahani alifariki mwaka 1998, na mkewe, Perusi, mwaka 2014. Jirani, Elia Nhonya, yu hai. Mkono wake wa kulia haushiki kitu tangu jioni ile, na anayemkamulia mbuzi wake ni Nyemo, binti wa Ndahani.