Mheshimiwa Ma Aomba Radhi Sokoni

Palikuwa na mheshimiwa mmoja huko Korea, Ma Gwang-seok, aliyetaka kusamehewa kwa amri.

Sikieni kwanza alivyopanda. Kule mgombea hapati kura mpaka aonekane sokoni akila chakula cha wanyonge. Ma akaenda kwenye kibanda cha Bibi Bun-rye, mjane muuza supu ya samaki wa kusaga, akabugia supu ya moto mbele ya kamera. Ulimi ukaungua, machozi yakamtoka. Watu wakasema, jamani, analia kwa ajili yetu! Wakamfanya mbunge. Akawa waziri. Na waziri huyo akampa shemeji yake kibali cha kulivunja soko lile lile ajenge maghorofa.

Habari zikavuja. Uwaziri ukamponyoka, chama kikamwonea haya, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Asubuhi moja akatokea kibandani, nywele zinang'aa mafuta.

"Wewe bibi, mchana nakuja na kamera. Nitakuinamia mpaka chini. Utaninyanyua, utasema umenisamehe."

"Nikikataa?"

"Ubunge bado ninao. Kesho kibanda chako ni kuni."

Bun-rye akakoroga supu. Kibanda ndicho kilichomlisha tangu mumewe afe. Hata hivyo akasema:

"Nikusamehe vipi, na kosa bado linaendelea? Shemeji yako akichane kwanza kile kibali, mbele ya kamera hizo hizo."

Ma akaona rahisi. Kura kwanza, shemeji baadaye.

Mchana wachuuzi wakafurika, wapiga picha wakasukumana. Shemeji akasogezwa mbele, akakichana kibali vipande vipande, uso kama anang'olewa jino bila ganzi. Watu wakapiga vigelegele. Ma akaona zamu yake imefika. Yule "wewe bibi" wa asubuhi sasa akawa:

"Mama! Mama yangu mzazi!"

Akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu yenye magamba ya samaki. Akangoja. Bun-rye akaendelea kukoroga supu.

"Mbona huninyanyui?" alinong'ona kutoka chini.

"Mvuke wa supu umekufunika, mwanangu. Sidhani kama kamera zimekuona."

Kusikia kamera hazikumwona, Ma hakusubiri kuambiwa la pili. Akasimama, akakung'uta magamba, akaipanga tai yake, akaenda chini tena, safari hii kwa madaha, ubavu ukielekezwa kwa wapiga picha.

Muuza kabichi mmoja akaguna. Mwingine akajiziba mdomo. Kicheko kikaruka kibanda hadi kibanda, na Ma, pale chini, asijue kinachochekwa.

"Sema sasa!" alifoka, akiinua kichwa. "Sema umenisamehe!"

Bun-rye akakunja mikono tumboni, akatulia kama picha ukutani.

"Mheshimiwa, umesahau mila zetu? Aliye hai huinamiwa mara moja. Anayeinamiwa mara mbili ni maiti. Wewe mwenyewe umenizika, nchi nzima ikitazama. Na maiti, baba, hasamehi mtu, wala hapigi kura."